Miaka sita katika nyumba ya fremu ya chuma: kutu ilianzia nisipopaona

Nyumba ninayoishi ilijengwa kwa fremu ya chuma miaka sita iliyopita, na mkandarasi niliyempa kazi ndiye aliyetaja bei ya chini kuliko wote watatu niliowaendea. Mwaka wa tatu kutu ilikuwa imejitokeza ukutani, mwaka wa nne tulibomoa ukuta wa bafu, na mwaka wa tano niling'oa nguzo zote za baraza. Naandika uzoefu huu kwa ajili ya yeyote anayefikiria kujenga hivi, kwa sababu yaliyoniharibia nyumba ni mambo madogo yanayoweza kuulizwa na kukaguliwa kabla ukuta haujafunikwa, na mimi sikuyauliza kwa kuwa sikujua kwamba yapo.

Nianze na haki ya chuma chenyewe. Fremu ilisimama kwa muda mfupi, kuta zilinyooka na mpaka leo zimenyooka, milango haikukwama hata mmoja, na mchwa hawana cha kula humo. Kuta zilijengwa kwa chuma chepesi chenye unene wa milimita 0.75, kile kinachokunjwa kikiwa baridi hadi kikawa na umbo la mfereji, na huo ni unene wa kawaida kwa kazi ya namna hiyo. Baraza ilijengwa kwa mabomba ya mraba yaliyochomelewa hapo hapo uwanjani. Sehemu hizo mbili ziliharibika kwa njia tofauti, ingawa chanzo kilikuwa kimoja: maji yalipata mahali pa kukaa, na kinga iliyowekwa ilikuwa nyembamba mno kuyasubiri.

Dalili ya kwanza ilikuwa madoa ya rangi ya chai kwenye ukuta wa bafu, kila doa likiwa juu ya kichwa cha skrubu, yamejipanga mstari mmoja karibu na sakafu. Niliyafuta, yakarudi. Nilipomwita mkandarasi alisema ni kutu ya juu juu tu, akatuma kijana akapaka rangi, na baada ya miezi minane rangi ile ilikuwa imefanya malengelenge. Sasa najua kwa nini. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi mara sita kutegemea aina yake, hivyo inapoendelea kukua chini ya rangi huisukuma rangi hiyo hadi ikapasuka, na kila mpasuko huwa mlango mpya wa maji. Kupaka rangi juu ya kutu ambayo haijasuguliwa ni kuificha kwa msimu mmoja.

Mwaka wa nne nilimlipa mhandisi wa kujitegemea, naye akaomba tufungue ukuta. Tuling'oa ubao wa chini na bodi ya jipsamu hadi usawa wa goti. Nguzo nyembamba za ukuta zilikuwa bado zinang'aa kuanzia usawa wa kifundo cha mguu kwenda juu, lakini reli ya chini, ile inayolala juu ya zege na kubeba nguzo zote, ilikuwa imegeuka kahawia na kuota magamba yanayomenyuka kama gome la mti. Mhandisi aliigusa kwa ncha ya bisibisi bila kutumia nguvu, nayo bisibisi ikapita hadi kwenye zege. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando yake nikishika taa, na nakumbuka kwamba kabla ya kuona kitu chochote nilisikia harufu ya udongo mbichi ikitoka ndani ya ukuta wa nyumba yangu.

Reli ile ina umbo la mfereji, na kazi ya mfereji ni kushika maji. Yaliyoingia kupitia nyufa za vigae yalishuka hadi humo na hayakuwa na pa kutokea. Chini yake hapakuwekwa nailoni nzito ya kuzuia unyevu, kwa hiyo zege nalo liliunyonya unyevu wa ardhini na kuupandisha taratibu mpaka kwenye chuma. Isitoshe, reli ilifungwa wakati zege bado bichi, na zege bichi lina alkali kali inayoila zinki. Kwa chuma kilichopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, madhara hayo huwa makubwa zaidi. Nje ya ukuta, udongo ulisawazishwa hadi ukalingana na sakafu, hivyo kila mvua ilirusha matope na maji kwenye ukingo wa msingi. Mambo haya manne yalikutana kwenye kipande cha chuma chembamba kuliko kadi ya benki.

Hapo ndipo nilipojifunza habari za mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na ningependa kila mteja azijue kabla ya kutia sahihi. Mkataba wangu ulisema tu kwamba chuma kitakuwa "chenye zinki". Maneno hayo hayamfungi mtu yeyote, kwa sababu zinki hupimwa kwa gramu katika kila mita ya mraba, ikihesabiwa pande zote mbili za bamba. Daraja linaloitwa Z275 lina gramu 275, ambazo kwa kila upande ni takribani mikroni 20. Daraja la Z100 lina gramu 100, yaani mikroni 7 tu kila upande. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, kwa maana yote mawili hung'aa na kuonyesha michoro ile ile ya zinki. Mhandisi alitumia kipimo kidogo cha sumaku kinachogusishwa kwenye bamba, akanionyesha namba kwenye sehemu ambayo haikuguswa na kutu: kati ya 6 na 8.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kinayagawa mazingira kwa kasi ya kuliwa kwa chuma. Ndani ya ukuta uliokauka zinki hupoteza si zaidi ya mikroni 0.1 kwa mwaka, hivyo hata mpako mwembamba kama wangu unaweza kudumu kuliko mwenye nyumba. Katika hewa ya nje yenye unyevu au uchafu wa wastani hupotea mikroni 0.7 hadi 2.1, na penye chumvi nyingi ya bahari 4.2 hadi 8.4. Ukigawanya mwenyewe utaona kwamba mikroni 7 katika hali ya wastani ni miaka kati ya mitatu na kumi, na mikroni 20 ni karibu mara tatu ya hapo. Chuma kinacholowa muda wote, kama kilivyokuwa cha bafuni kwangu, hakina hata nafuu hiyo, kwa sababu zinki hujilinda kwa utando unaohitaji hewa na vipindi vya kukauka ili ujengeke, na mahali penye maji yaliyotuama utando huo haupati nafasi. Ndiyo maana nguzo zile zile, za bamba lile lile, zilikuwa nzima juu na zimeoza chini.

Jambo moja nililokuwa nimelielewa vibaya ni kingo zilizokatwa. Nilidhani kila mahali fundi alipokata kwa mkasi wa bati palikuwa jeraha la wazi, lakini mhandisi alinieleza kwamba zinki huliwa kabla ya chuma na kwa hiyo hulinda hata ukingo mwembamba ulio jirani yake, mradi zinki yenyewe iwe ya kutosha. Kibaya ni kukata kwa grainda, kwa kuwa joto lake huunguza mpako kando ya mkato na cheche zake hutapakaa juu ya bamba safi na kuanza kushika kutu palepale zilipodondoka. Fremu yangu ilikatwa kwa grainda kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sikuwahi kumwona mtu akifagia.

Ukuta wa upande wenye kivuli nao ulikuwa na tatizo lake, ambalo halikutokana na mvua. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara mia tatu kuliko mbao laini, hivyo usiku wa baridi nguzo hupoa kabla ya kitu kingine chochote ukutani, na mvuke wa jikoni ukipenya huko hugeuka matone juu yake. Hapakuwa na kitu chochote cha kutenganisha nguzo na bati la nje, wala pazia la kuzuia mvuke upande wa ndani. Skrubu zilizotumika, ambazo zilikuwa na mpako mwembamba wa zinki wa kufaa ndani tu, ndizo zilizotangulia kuoza.

Kuhusu baraza nina uchungu zaidi, kwa sababu pale hapakuwa na siri ya ukuta. Kila kitu kilifanyika mbele ya macho yangu. Mabomba yaliletwa yakiwa na zinki kidogo, yakachomelewa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi na kuchemka kwenye 907, ilhali chuma chenyewe huyeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo kila unapochomelea huwa umeifukuza zinki yote pembeni mwa mshono, nje na ndani ya bomba. Fundi aligonga taka za mshono, akapaka rangi ya fedha mara moja, na nguzo ikaonekana imekamilika. Rangi ile inafanana na zinki kwa mng'ao tu. Ili ilinde chuma kama zinki inavyokilinda, ingepaswa kuwa rangi iliyojazwa unga wa zinki, tena ipakwe juu ya chuma kilichosuguliwa mpaka kikawa cheupe. Ndani ya bomba hakukupakwa chochote, na juu hakukuwekwa kifuniko.

Mwaka wa tano nilikuwa naegemeza ngazi kwenye nguzo ya kona nikasikia mlio mzito, tofauti na mlio wa nguzo nyingine. Niliigonga kwa funguo kutoka juu kwenda chini, na usawa wa paja sauti ilibadilika. Tulipotoboa tundu dogo karibu na sakafu yalitoka maji ya kahawia, yakaendelea kutoka muda wa kutosha kujaza nusu ndoo. Nguzo iliyobeba paa la baraza ilikuwa tangi, na ilikuwa ikiliwa kutoka ndani tangu mwaka wa kwanza.

Ukonde wa chuma ndio unaofanya haya yasiwe suala la sura tu. Boriti nzito ya milimita 10 ikipoteza milimita 0.15 haijapungukiwa na kitu cha kuhesabu, lakini nguzo ya milimita 0.75 ikipoteza kiasi hicho hicho imepoteza sehemu moja ya tano ya unene wake, na kwa kawaida huipoteza chini kabisa, mahali inapobeba mzigo wote.

Kwa dhamana sikupata kitu. Mkandarasi alinipa hati ya miaka kumi ya fremu, lakini aya moja ya ndani iliondoa "uharibifu unaotokana na unyevu", na hakuna uharibifu wa kutu usiotokana na unyevu. Someni aya hiyo kabla ya aya nyingine zote.

Tengenezo lilichukua wiki saba. Tulikata na kubadilisha reli ya chini bafuni na jikoni kwa chuma cha Z275, tukaweka nailoni nzito kati yake na zege, tukashusha udongo wa nje sentimita 15 chini ya sakafu, na kila mkato ukapakwa rangi ya unga wa zinki. Nguzo mpya za baraza, zenye unene wa milimita 3, zilichomelewa kwanza karakanani, zikatobolewa matundu juu na chini ili zinki iingie na kutoka, ndipo zikachovywa nzima kwenye zinki iliyoyeyuka. Mpako wa namna hiyo, kwa unene huo wa chuma, hufikia wastani wa mikroni 55 au zaidi, nje na ndani, na mshono nao umefunikwa. Gharama ya yote ilizidi tofauti ya bei kati ya mkandarasi wangu na yule wa pili, ambaye karatasi yake niliikuta bado kwenye faili. Ilikuwa imetaja Z275, nailoni chini ya reli na uchovyaji baada ya kuchomelea, nami wakati ule niliyaruka maneno hayo nikaangalia jumla.

Mkandarasi niliyemtumia nampa alama mbili kati ya tano, zote mbili kwa unyoofu wa kuta. Ujenzi wa chuma wenyewe ningeurudia, ila siku ya kuletwa mzigo ningesoma lebo ya bamba na kulipima kwa sumaku, na nisingeruhusu bodi hata moja kufungwa kabla sijapiga picha reli ya chini yote.

Bafuni tumeacha kipande cha ubao wa chini chenye urefu wa dhiraa moja kinachofungwa kwa skrubu mbili bila gundi. Kila baada ya miezi sita nakifungua, namulika taa na kupitisha kidole juu ya reli. Mara ya mwisho kidole kilitoka na vumbi kavu la jipsamu.