Mafaili ya timu inayofanya kazi nyumbani: ulipie nini kwanza

Msaidizi wetu wa kwanza alipoacha kazi tuliagana vizuri. Wiki mbili baadaye akaamua kufanya usafi kwenye akaunti yake, akafuta folda alizoona hazimhusu tena, na orodha yetu ya wateja ikaondoka nazo. Hakuwa na nia mbaya. Folda ile aliifungua yeye, kwenye akaunti yake binafsi, kisha akatualika sisi wengine. Miezi yote ile tulikuwa wageni nyumbani kwake bila kujua. Bahati nzuri siku 30 ambazo vitu vilivyofutwa hukaa kwenye taka zilikuwa hazijaisha, akairudisha.

Ndiyo maana orodha hii ya huduma za kuhifadhi na kugawana mafaili sikuipanga kwa ukubwa wa nafasi. Wauzaji wote watakutajia GB. Wewe uliza kwanza: faili hili ni la nani? Kisha uliza intaneti yenu inapakia (kutuma mafaili) kwa kasi gani, maana kasi inayotangazwa mara nyingi ni ya kupakua (kuyapokea). Kwa kasi ya kupakia ya Mbps 2, faili la GB 1 litakula zaidi ya saa nzima; kwa Mbps 20, dakika saba hivi. Pima nyumbani kwa kila mmoja wenu kabla hujatoa hela.

1. Akaunti ya biashara: Google Workspace au Microsoft 365

Kwa timu ya watu wawili hadi kumi, naanzia hapa bila kusitasita. Unalipia kila mtu kwa mwezi, na akaunti zote ziko chini ya msimamizi mmoja. Mtu akiondoka, msimamizi anafunga akaunti na kuhamishia mafaili yake kwa mwingine. Hilo peke yake linatosha kuhalalisha malipo.

Kati ya hizi mbili, usichague kwa mazoea ya rafiki yako. Angalia kazi inavyokuja. Kama mnaandika pamoja kwenye hati moja, wengi mkiwa kwenye simu, Google ni nyepesi zaidi. Kama wateja wanakutumia Excel zilizojaa fomula, chukua Microsoft, la sivyo utakuwa unarekebisha majedwali yaliyovurugika kila jioni.

Kila upande una mtego wake. Kifurushi cha chini cha Google, Business Starter, kinatoa GB 30 kwa kila mtu, na barua pepe nazo zinakula humo humo. Business Basic ya Microsoft inatoa TB 1 kwa kila mtu, ila Word na Excel zake ni za kwenye kivinjari na simu tu. Ukitaka za kusakinisha kwenye kompyuta, panda kifurushi. Nimeona watu wakilipia kifurushi hicho cha chini halafu wakashangaa Excel yao iko wapi.

Ukishalipia, usiweke mafaili ya kazi kwenye folda ya mtu mmoja uliyoigawa kwa wenzako. Kwa Google tumia hifadhi ya pamoja (Shared drive), ambayo mafaili yake ni ya timu si ya mtu, na uhakikishe kifurushi chako kinayo. Kwa Microsoft tumia SharePoint, hifadhi yake ya mafaili ya timu, ambayo ukifungua timu ndani ya Teams, programu yake ya mazungumzo na mikutano, inajitengeneza yenyewe. Ukiwa na shaka, fungua maelezo ya faili usome palipoandikwa mmiliki. Ukikuta jina la mtu, bado uko kwenye shida yangu ya zamani.

2. Dropbox

Nafasi ya pili, lakini kwa wanaoshughulika na picha kubwa, video au michoro huenda ikawa ya kwanza. Ukibadilisha sehemu ndogo ya faili kubwa, Dropbox inapakia vipande vilivyobadilika tu. Na kompyuta mbili zikiwa kwenye mtandao mmoja wa nyumbani zinaweza kupeana faili moja kwa moja, bando likapumua. Akaunti ya bure ina GB 2, inayotosha kuonja tu. OneDrive, hifadhi ya Microsoft, nayo ilianza kupakia vipande kwa mafaili ya kila aina mwaka 2020, kwa hiyo pengo si kubwa kama zamani.

3. NAS nyumbani

Hiki ni kisanduku chenye diski ndani, unachokichomeka kwenye ruta. Synology na QNAP ndizo zinazofahamika zaidi. Unanunua mara moja, nafasi ni kubwa, mafaili yanakaa kwako. Inavutia, hasa kwa anayechoka kulipa kila mwezi.

Ila umeme ukikatika nyumbani kwako, timu nzima inasimama. Wenzako wanapopakua, wanategemea kasi yako wewe ya kupakia. Na usikifungulie mlango wa moja kwa moja kutoka intaneti: Januari 2022 programu ya utekaji iitwayo DeadBolt ilifunga mafaili kwenye vifaa vya QNAP vilivyokuwa wazi hivyo, kisha ikadai fidia. Tumia VPN, yaani njia ya siri kati ya vifaa vyenu kupitia intaneti; Tailscale ni rahisi kusakinisha, tena inafanya kazi hata pale kampuni ya intaneti isipokupa anwani yako ya umma, ile inayowezesha kifaa chako kufikiwa kutoka nje. Nunua chenye nafasi ya diski mbili ili moja ikifa nyingine iendelee, lakini usiite hiyo nakala rudufu. Ukifuta faili, linafutika kwenye zote mbili papo hapo.

4. Nextcloud na Syncthing

Hizi ni programu za kuhifadhi na kugawana mafaili kwenye mashine zenu wenyewe, na zote ni za bure. Nextcloud inahitaji seva, yaani kompyuta inayowaka muda wote, na mtu wa kuisasisha. Kama mtu huyo hayupo kwenye timu, pita. Syncthing haihitaji seva yenu, kompyuta zinapeana zenyewe, lakini lazima ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja. Mmoja akifanya kazi usiku na mwingine asubuhi, hazitakutana.

Kundi la WhatsApp sikuliweka kwenye orodha. Linapitisha faili hadi la GB 2, sawa, lakini ukitafuta bei ya mwezi uliopita utakuta «BEI MPYA», «BEI MPYA SAHIHI» na «BEI MPYA SAHIHI 2», na hakuna anayekumbuka ipi ilikwenda kwa mteja.

Chochote utakachochagua, washa uthibitishaji wa hatua mbili (nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kama namba kwenye simu) kwa kila mtu, na mara moja kwa wiki nakili folda kuu kwenye diski ya nje unayoichomoa ukimaliza.

Usilipie mwaka mzima mara moja. Lipia mwezi, kisha mmoja wenu afute folda kwa makusudi na mwingine airudishe. Sisi mara ya kwanza ilituchukua dakika 40, na nyingi kati ya hizo tulikuwa tunaulizana nani ana nywila ya msimamizi.