Uzoefu wangu na Project Euler, au jinsi chenji ya buku ilivyoninyima usingizi

Nianze kwa kusema mimi sio mtu wa kompyuta kivile. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma, mashine ya fotokopi moja, printa moja, na kompyuta ya mezani ya kizamani yenye Windows 7 na RAM ya GB 2, feni yake ikianza unaweza ukadhani jirani wamefungua mashine ya kusaga. Kazi yangu ni kutoa kopi za vyeti, kuchapa barua za maombi ya kazi, na kukaa. Kukaa ndo kwingi. Sasa mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha sita PCM (fizikia, kemia na hesabu), alikuja likizo akanikuta nacheza karata kwenye kompyuta saa nne asubuhi, akaniambia shangazi hebu sogea kidogo nikuonyeshe kitu. Mpaka leo sijarudi kwenye karata.

Kitu chenyewe ni tovuti inaitwa Project Euler. Aliianzisha Mwingereza mmoja, Colin Hughes, mwaka 2001, na jina kachukua kwa Leonhard Euler yule mwanahisabati wa Uswisi wa miaka ya 1700 ambae alipofuka macho na bado akaendelea kupiga hesabu kichwani. Ndani kuna mafumbo ya hesabu zaidi ya 900, na mengi huwezi kuyamaliza kwa kalamu tu, inabidi uandike programu kompyuta ikusaidie. Lugha ya programu unachagua mwenyewe, mimi natumia Python. Hawaombi uwaonyeshe ulivofanya, wanataka namba tu, unaijaza kwenye kiboksi, unatuma, unaambiwa umepata au umekosa.

Bure kabisa, hulipi hata senti. Na kurasa zake ni maandishi matupu, hakuna video wala matangazo ya kurukaruka, kwahiyo bando la mia tano linakaa. Kilichonila bando ni kuinstoo Python maana matoleo mapya yanaikataa Windows 7, nikashusha nikafuta nikashusha tena mpaka dogo akagundua mwisho ni 3.8, hapo nusu siku imeshakwenda na wateja wananiuliza dada leo kopi hamna?

Fumbo la kwanza nilidharau. Wanataka jumla ya namba zote chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au kwa 5. Nikajumlisha za 3, nikajumlisha za 5, nikaunganisha, nikatuma. Umekosa. Basi, hamna neno lingine, hawakuambii umekosea wapi, hawakupi dokezo, unaachwa hapo na kinywa wazi. Nilikasirika nikasema hii tovuti mbovu. Kumbe 15 nimeihesabu mara mbili, na 30, na 45, na zote za mstari huo, zimo kwenye za 3 na zimo kwenye za 5.

La tatu ndo lilinifundisha adabu. Unapewa 600851475143 utafute kigawanyo chake tasa kikubwa kuliko vyote. Nikaandika programu ipite namba moja moja kuanzia 2 mpaka mwisho, nikaiwasha, nikafunga duka nikaenda kula ugali na migebuka, nimerudi bado inasaga tu, saa kumi umeme ukakatika na kila kitu kikaenda nao. Dogo anacheka pale. Ananiambia shangazi ukipata kigawanyo si ugawanye kabisa namba ipungue, halafu kwanini unaenda mpaka mwisho wakati ukishavuka kipeuo cha pili, yani kama 775,146 hivi, hakuna jipya tena. Nikabadilisha mistari mitatu. Jibu likatoka kabla sijatoa kidole kwenye kibonyezo, kwenye kompyuta ileile ya feni ya mashine ya kusaga. Wenyewe wana kanuni wanaiita ya dakika moja, kwamba kila fumbo lina njia ya kulimaliza chini ya dakika kwa kompyuta ya kawaida, kwahiyo yako ikichukua masaa ujue tatizo sio kompyuta.

Sasa la 31, hili ndo lililonifanya niandike haya yote. Wanakupa sarafu za Uingereza, kuanzia peni 1 mpaka pauni 2, ziko aina nane, wanauliza kuna njia ngapi za kutengeneza pauni 2. Mimi peni sijawahi kuishika ila chenji ndo maisha yangu, kila siku nagombana na watu kuhusu chenji, kwahiyo nikasema naanza na za kwetu. Sarafu za hamsini, mia, mia mbili na jero, yani mia tano. Je buku, yani elfu moja, naweza kuirudisha kwa njia ngapi?

Nikakaa na daftari nikaandika kwa mkono. Jero mbili, moja hiyo. Jero moja na mia mbili mbili na mia, mbili hiyo. Nikaenda hivohivo mpaka nikapata 44 nikaona nimemaliza. Nikaandika programu ihakikishe tu. Ikaniambia 48,007.

Aisee. Njia elfu arobaini na nane za kutoa chenji ya buku na mimi kila siku nawaambia watu sina chenji. Nikajua kuna kitu hapa, ila wapi sijui, programu imekaa vizuri haina kosa lolote inakimbia vizuri tu. Usiku nimelala nayawaza. Asubuhi nikafanya kitu ambacho sasa nafanya kila fumbo, nikaiuliza swali dogo ambalo jibu lake nalijua. Shilingi 150 kwa njia ngapi? Mtu yeyote wa genge anajua ni mbili, hamsini tatu au mia na hamsini. Programu ikasema tatu. Haa. Kumbe mia ikitangulia halafu hamsini inahesabu moja, hamsini ikitangulia halafu mia inahesabu nyingine! Kwake yeye kuna tofauti ya nani katangulia kuingia mkononi mwa mteja.

Tatizo lilikua kwenye lupu mbili, yani zile sehemu za programu zinazorudiarudia kazi, moja iko ndani ya nyingine. Mimi nilianza na kiasi cha hela ndo nikaingiza sarafu ndani yake, yani kwa kila kiasi nauliza sarafu zote nne wewe unaweza kuwa ya mwisho? Ukigeuza, sarafu ikawa nje na kiasi kikawa ndani, mambo yanakaa sawa, maana unamaliza hamsini kwenye listi nzima ya viasi, halafu unaleta mia inapita listi nzima inaongezea zake, halafu mia mbili, halafu jero, hakuna kurudi nyuma. Mistari ileile, nimebadilishana nafasi tu. Ikatoka 49. Nikarudi kwenye daftari nikatafuta zile tano nilizoruka nikazipata zote, nne zilikua kwenye kundi la mia mbili moja ambapo nilichoka nikaruka. Nilipoweka sarafu za Waingereza jibu likakubali mara ya kwanza, na jibu lenyewe sisemi, kalitafute.

Kuna mama mmoja wa dagaa huwa anatoa kopi kwangu kabla hajashuka Kibirizi kupanda boti, nikamsimulia kwa furaha, mama unajua buku yako naweza kukurudishia kwa njia arobaini na tisa? Akaniangalia. Mwanangu, katika hizo nipe moja tu, boti inaondoka.

Mabaya yake sasa. Kiingereza, tena cha hesabu, dogo akiwa hayupo nasoma sentensi moja mara nne. Na mafumbo mengine yanakudai vitu ambavyo sio hesabu wala kompyuta. La 17 linataka uhesabu herufi za namba zikiandikwa kwa maneno ya Kiingereza kuanzia 1 mpaka 1000, hapo ujue kuandika vizuri Kiingereza kwanza. (Niliijaribu kwa Kiswahili kwa kujifurahisha, moja mpaka tano kwao ni herufi 19, kwetu 20.) La 54 linataka ujue kanuni za poka, mikono elfu moja ya karata unaambiwa sema nani kashinda. Mimi albastini naijua, poka nani atanifundisha hapa? Nimelipita, naliangalia kwa jicho baya kila nikifungua ukurasa.

Na ukitoka kwenye hamsini za mwanzo mlima unapanda ghafla. Kuna asilimia inayoonyesha ugumu, ukiona 5% jaribu, ukiona 40% kwa sisi wa fotokopi pita hivi. Ila kizuri ni kwamba hulazimiki kufuata mstari, unaruka unakotaka, na kila ukipata 25 unapanda ngazi. Ukishapata jibu unafunguliwa sehemu ya kusoma wengine walivofanya, na pale ndo unajiona mjinga kwa raha zako, wewe umeandika mistari thelathini mwenzako kamaliza kwa kalamu na karatasi.

Majibu yamejaa mtandaoni, ukitaka unayachukua. Nilichukua moja, la 12, nikajaza, likakubali, nikapata alama na sikumbuki chochote kuhusu hilo fumbo mpaka sasa. Sikurudia.

Nampa nani ushauri wa kuitumia? Wanafunzi wa PCM na EGM waliokaa likizo hawana kazi, na yeyote mwenye duka lenye saa nyingi za kukaa. Kama hujawahi kuandika programu kabisa usianzie hapa, jifunze kwanza lupu na listi wiki mbili kisha uje, la sivyo utaichukia bure. Nyota nne kati ya tano, ya tano wameipoteza kwenye poka.

Dogo karudi shule, simu hawaruhusiwi, kaniachia kwenye karatasi fumbo la 67, pembetatu ya namba yenye mistari 100, unashuka kutoka juu unatafuta njia yenye jumla kubwa kuliko zote. Kaandika chini yake shangazi usijaribu njia zote, anzia chini. Karatasi nimeibandika juu ya mashine ya fotokopi, na juzi mteja mmoja kaniuliza kama ndo bei mpya za kopi.