Panadol ya mtoto: kijiko, bomba au ya kuweka nyuma?

Kwa mwanangu wa kilo 10, bomba la plastiki lisilo na sindano limezishinda njia nyengine zote. Ya kuweka nyuma, yaani ya kuingiza njia ya haja kubwa, nimeiwekea kazi yake maalumu.

Dawa ni ile ile, paracetamol. Chupa nyingi ninazozikuta maduka ya dawa hapa Chake Chake zimeandikwa mg 120 kwa kila ml 5. Mtoto hupewa mg 10 hadi 15 kwa kila kilo yake, kwa hiyo ml 5 zinamtosha wangu. Tabu ni kuzipata hizo ml 5 kamili. Vijiko vya chai nyumbani havilingani, na mtoto akipiga mkono nusu iko kwenye kanga. Bomba lina mistari. Nampakata kichwa kimeinuka, naingiza ncha pembeni ndani ya shavu, nasukuma kidogo kidogo huku anameza. Ukimmiminia kooni kwa mpigo, atapaliwa. Kuichanganya na chupa ya maziwa sikubali: akibakisha, utajuaje kaipata kiasi gani?

Kidonge cha mg 500 kukikata robo na kukisaga, hapana. Robo za kisu hazilingani, na ule uchungu anautema na uji wake.

Ya kuweka nyuma, ya mg 125, natumia akitapika kila kinachopita mdomoni. Wengi hudhani inawahi zaidi. Siyo; mwili huifyonza polepole, tena si kwa kiasi kile kile kila mara. Akiharisha ndiyo haifai kabisa, inatoka nayo. Na joto la kaskazi, umeme ukikatika, inalainika hadi haishikiki. Ya mg 250 msiikate nusu, dawa huenda haikuenea sawa ndani yake.

Kati ya dozi na dozi ni saa nne hadi sita, dozi zisizidi nne kwa siku, na ya mdomoni na ya nyuma zinahesabiwa pamoja. Kwetu bibi na shangazi nao hutoa dawa, basi muda naubandika mlangoni mwa friji. Homa ikishuka bado nampeleka kupimwa malaria. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 3 akiwa na homa ni hospitali moja kwa moja.

Chupa nyengine huja na bomba ndani ya boksi. Fungueni kabla ya kulipa.