Mtihani wa hisabati wa Suneung kwa Kiingereza: programu au mkono?

Karatasi ya hisabati ya Suneung, mtihani wa kuingia chuo kikuu Korea Kusini, ina maswali 30 kwa dakika 100. Ukiipitisha kwenye programu ya kutafsiri, rasimu ya Kiingereza unaipata upesi, na maswali mafupi ya alama 2 kwa kawaida hutoka salama. Shida ni yale ya alama 4. Kikorea hutanguliza masharti kabla ya kitu kinachoelezwa, hivyo programu huweza kulibandika sharti la f(x) kwenye g(x), na swali likawa jingine kabisa. Ikisoma kutoka kwenye picha, vipeo na vijinamba vya chini navyo hupotea.

Kutafsiri kwa mkono na kuchapa upya fomula kwa LaTeX, mfumo wa kuchapia maandishi ya hisabati, kunakula muda, lakini ndiko tunakokuamini. Alama ya nHr, ya kuchagua kwa kurudia, lazima ielezwe, maana wasomaji wengi wa Kiingereza hawaijui. Namba asilia Korea huanzia 1. Bainisha kwamba sifuri haimo. Kisha litatue swali kwa kutumia tafsiri yako peke yake. Maswali ya kujaza hujibiwa kwa namba isiyozidi 999. Jibu lako likipishana na lile rasmi na hesabu zako ni sahihi, rudi kwenye masharti, moja baada ya jingine.