Waya mpya wa ndani umetuliza mshale wa spidomita yangu

Kwa karibu mwaka mzima mshale wa spidomita ya Land Rover yangu, Series III, haukujua kutulia. Nikiwa kwenye kilometa 30 kwa saa, wenyewe unapanda hadi 55, unashuka hadi 10, unapanda tena, na nyuma ya dashibodi nasikia kitu kinagonga tik, tik, tik. Nikifika 70 unatulia. Nikipunguza mwendo, unaanza upya. Nilifika mahali nikaacha kabisa kuutazama, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu: gari zito, breki za ngoma magurudumu yote manne, na dereva anakisia mwendo wake.

Fundi wa kwanza alisikiliza maelezo yangu, hakufungua kitu, akasema mita imekufa, nitafute nyingine. Sikukubali. Mimi kazi yangu ni kushona, na nimeshaona mengi kwenye cherehani. Uzi ukinata mahali kisha ukaachia ghafla, mshono unaruka, na mtu asiyejua atakwambia mashine nzima ni mbovu. Mshale unaoruka mwendo ukiwa mdogo na kutulia mwendo ukiwa mkubwa ulinikumbusha uzi ule. Kuna kitu kilikuwa kinanata njiani.

Nilichonunua ni kifurushi cha kutengenezea kebo ya spidomita. Ndani yake kuna waya wa ndani ulio mrefu kuliko unavyohitaji, wenye ncha moja ya pembe nne iliyobanwa tangu kiwandani. Kuna kikofia cha chuma cha kubana kwenye ncha ya pili baada ya kukata. Kuna tyubu ndogo ya grisi yenye grafiti, na karatasi ya maelekezo. Vifurushi vya namna hii vinatolewa na watengenezaji wengi na vinafanana, kwa hiyo nazungumzia kitu chenyewe, si jina lililoandikwa kwenye boksi.

Ili uone kwa nini waya tu unaweza kuleta fujo yote ile, fikiria kilichomo ndani ya mita. Waya unatoka kwenye giaboksi, unazungusha sumaku ndogo. Kando ya sumaku kuna kikombe chepesi cha alumini, na viwili hivyo havigusani. Sumaku ikizunguka inaamsha mikondo ya umeme ndani ya kikombe, na mikondo hiyo inakivuta kikombe kifuate. Springi nyembamba kama unywele inakizuia. Mshale umekaa juu ya kikombe, unasimama pale mvuto na springi vinapolingana nguvu. Mjerumani Otto Schulze alipata hataza ya ubunifu huu mwaka 1902, na magari yakautumia kwa miongo mingi. Kikombe ni chepesi mno, kinatii kila kitu. Waya mkavu unakwama kidogo, unajisokota kama uzi uliokazwa kupita kiasi, halafu unaachia na kuruka. Mshale unaonyesha kuruka huko huko. Kwa hiyo mshale wangu haukuwa ukidanganya. Ulikuwa ukisema kweli kuhusu waya.

Nilifungua nati ya kebo nyuma ya mita na kuuvuta waya wa zamani kwa juu. Ulikuja na grisi nyeusi iliyokauka hadi kuwa kama lami, na karibu sentimita 30 kutoka ncha ya chini palikuwa na kutu na mkunjo. Kuhakikisha, niliuning'iniza kwa mikono miwili ukawa kama herufi U, nikauviringisha ncha moja kwa vidole. Waya usio na hitilafu unafuata vidole polepole bila kusita. Huu wangu ulisita, kisha ukapinduka ghafla. Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote, na ningependa kila mwenye gari la zamani alifanye kabla ya kutoa fedha kununua kitu.

Waya wenyewe wa kwenye kifurushi ni mzuri, hilo nalisema bila kusitasita. Nyuzi za chuma zimesokotwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka limeelekea upande tofauti na lililo chini yake, na vidole vyangu havikupata hata uzi mmoja uliochomoza. Unene ulilingana na wa zamani, na ile ncha ya pembe nne iliingia bila kulegea. Linganisha vyote viwili kabla ya kukata, kwa sababu ukishakata hakuna duka litakalokurudishia.

Shida inaanza kwenye ncha ya pili. Karatasi inasema tu "kata kwa urefu unaofaa, bana kikofia". Urefu unaofaa ni upi? Mita yangu imetengenezwa na kampuni ya Smiths, na kwenye mita hizo waya wa ndani unatakiwa kuchomoza takribani milimita 10 nje ya ganda, yaani mrija wa nje unaoufunika, upande wa mita, ncha ya chini ikiwa imekaa sawasawa kwenye giaboksi. Mimi nilikisia, nikaacha 16. Nilipokaza nati, waya ukasukuma mhimili wa sumaku kuelekea ndani. Nikatembeza gari hatua chache tu: mshale ukapanda ukang'ang'ania huko juu, na mita ikaanza kulia kama bawaba kavu. Nilisimama palepale nikafungua. Ningeendelea kwa ukaidi, ningeharibu mita ambayo haikuwa na kosa lolote. Mtengenezaji kuacha kipimo hicho nje ya karatasi ni kasoro kubwa kuliko zote nilizoziona.

Kukata nako kuna namna yake. Zungushia utepe wa plastiki pale unapokata, ukate katikati ya utepe kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Bila utepe, nyuzi zinafumuka kama ukingo wa kitambaa usiopigwa overloki, na kikofia hakiingii tena. Kikibanwa kikiwa kimeinama, mshale utatikisika kwa kila mzunguko, na utakuwa umenunua ugonjwa mpya. Plaizi ya kawaida iliteleza juu yake. Nilikibana kwenye jiliwa, na kilikaa.

Kuhusu grisi, grafiti yake ni laini na haikunata vidoleni. Lakini karatasi inakwambia upake waya wote, na hapo sikubaliani nayo hata kidogo. Msokoto wa waya unaozunguka unapandisha grisi juu kidogo kidogo, mpaka inaingia kwenye mita na kuchafua kikombe na sumaku. Paka utando mwembamba kuanzia chini, na sentimita 20 za juu ziache bila kitu. Kabla ya hapo safisha ganda la nje. Nililimiminia mafuta ya taa kwa juu, maji meusi yakatoka chini, nikarudia hadi yakatoka meupe, nikalitundika siku nzima likauke.

Nililifunga ganda kwa njia tofauti kidogo na ile ya zamani. Lilikuwa limepinda sana karibu na giaboksi, mahali pale pale penye mkunjo na kutu. Sasa hakuna kona yenye nusu kipenyo chini ya sentimita 15, na liko mbali na bomba la ekzosi. Ningeacha kona ile, nadhani waya mpya ungekufa kama mwenzake. Kwenye kishimo cha nyuma ya mita, pale mhimili unapoingilia, nilidondosha tone moja la mafuta ya cherehani. Moja.

Leo ni kilometa 1,400 tangu nilipofunga. Mshale unapanda kutoka 15 hadi 80 kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona tangu nilinunue gari hili, na ile tik, tik imekwisha. Asubuhi za baridi, karibu na 20, unatetemeka kidogo kwa dakika mbili tatu, kisha unatulia. Nimelinganisha na simu: mita ikisoma 60, simu inasoma 57. Waya hauhusiki na tofauti hiyo. Ukubwa wa matairi na hali ya sumaku na springi ndivyo vya kutazama hapo.

Kifurushi hiki hakimfai kila mtu. Ganda lako likiwa limepasuka au kuliwa ndani, nunua kebo nzima. Mshale ukiwa umelala kwenye sifuri na mita ya kilometa haihesabu, tazama kama waya umekatika au gia ndogo ya plastiki kwenye giaboksi imelika meno. Na kama waya wako umepita jaribio la herufi U, ijaribu mita peke yake kwa drili ya mwendo mdogo, ukizungusha upande ule ule waya unaozunguka gari likienda mbele. Mshale ukiruka hata hapo, mpelekee fundi wa mita. Usiufungue uso wa mita nyumbani, ile springi haisamehi mkono mzito.

Nampa mtengenezaji nyota nne kwa waya, mbili kwa karatasi yake. Gari la dada yangu, la umri kama wa langu, limeanza kucheza mshale wiki iliyopita, na nimeshamwagizia kifurushi kama hiki. Grisi sikumwagizia nyingine: kwenye tyubu yangu bado imebaki zaidi ya nusu.