TAHADHARI: Mama mwenye Green Card, usinunue "viza ya kichanga"

Wazazi wenye Green Card (kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani) mliojifungulia nje ya Marekani, au mnaotarajia kujifungulia huko, kuna mawakala wanaouza karatasi ambazo hazipo duniani. Wanazitangaza kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook kwa majina tofauti: "viza ya kichanga", "kibali cha mtoto wa mkaazi", "barua ya kupandia ndege", hata "Green Card ya mtoto kabla ya safari". Wanataka nusu ya hela mbele, nusu karatasi zikifika. Msitume. Hela inauma ikiliwa, lakini hutafutwa tena. Muda unaoliwa pamoja nayo haurudi, na suala hili lote linasimama juu ya muda.

Mtoto aliyezaliwa nje wakati mama yake mwenye Green Card yuko kwenye safari ya muda hahitaji viza kuingia Marekani. Kanuni yenyewe ni 8 CFR 211.1(b)(1), kwenye mkusanyiko wa kanuni za serikali kuu ya Marekani, na kuisoma mtandaoni ni bure. Mtoto awe hajatimiza miaka 2 siku anapoingia. Asafiri na mzazi anayerudi kama mkaazi wa kudumu, na hiyo iwe safari ya kwanza ya mzazi huyo kurudi Marekani tangu mtoto azaliwe. Mzazi naye awe bado ana haki ya kupokelewa kama mkaazi. Mkishatua, ofisa wa CBP (idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani) ndiye anayemfungulia mtoto rekodi ya ukaazi, na kadi huja baadaye kwa posta kwenye anwani mliyotoa. Kwa hiyo hakuna wakala, wala huyo anayejiita "mtu wa ndani ubalozini", awezaye kumpatia mtoto huyu Green Card kabla hajafika.

Uongo mbaya kuliko wote ni ule wa "mama tangulia, mtoto atafuata na karatasi zangu". Unasikika wa huruma: kazi inakusubiri kule, bibi atabaki na mtoto, wakala atamaliza mambo ndani ya wiki chache. Ukipanda ile ndege bila mtoto umeshatumia safari yako ya kwanza ya kurudi, na haki imekatika hata kama mtoto ana miezi miwili tu. Baada ya hapo inabaki njia ndefu: fomu I-130 (ombi la mkaazi kwa ajili ya mtoto wake), foleni ya kundi la F2A (wenza na watoto wa wakaazi), kisha viza ya uhamiaji ubalozini. Foleni hiyo husogea kwa tarehe za Visa Bulletin, taarifa ya kila mwezi ya serikali ya Marekani, na inaweza kuchukua miaka. Wakala anajua hilo, au hajali. Kwa vyovyote vile, mkibanwa na foleni atakuja tena kuwauzia "kuharakisha".

Wengine wanauza CRBA, ile ripoti ya ubalozi ya mtoto aliyezaliwa nje. Hiyo ni ya mtoto wa raia wa Marekani. Kama wazazi wote wawili ni wakaazi tu, mtoto hastahili, na anayekuambia "nitaiweka sawa" anakuambia atadanganya kwa jina lako.

Halafu kuna mchezo wa fomu I-131. Ile ni ya kuombea kibali cha kurudi cha mkaazi mwenyewe. Huombwa mwombaji akiwa ndani ya Marekani, na kibali hudumu hadi miaka 2. Mtoto ambaye hajawa mkaazi hawezi kuombewa, na mama aliyeko nje hawezi kuianzishia huko. I-131A nayo ni ya mkaazi aliyepoteza kadi akiwa safarini. Majina ya fomu hizi yanafanana, na tapeli anaishi humo humo kwenye kufanana: atakutumia picha ya fomu halisi iliyojazwa jina la mtoto, nawe utaona nembo ya serikali na kuamini. Fomu tupu inapakuliwa na yeyote bila malipo. Nembo haithibitishi chochote.

Viza ya utalii kwa kichanga ni mtego wa aina yake, kwa sababu viza yenyewe ni ya kweli. Ada ya maombi ni dola 185 na hairudishwi ukikataliwa, na ofisa ana sababu nzuri ya kukataa: mtoto anakwenda kuishi na mama yake, hatembei. Akipewa na akaingia kama mgeni, anabaki mgeni, nawe umeshatumia safari yako ya kwanza.

Familia ambayo baba pekee ndiye mwenye Green Card iwe macho zaidi. Kanuni inamtaja mama. Mzazi yeyote kati ya wawili anaweza kumsindikiza mtoto akiwa mkaazi anayerudi mara ya kwanza, lakini mama lazima awe mkaazi (au raia) alipojifungua. Kama si hivyo, njia ni I-130. Hapa ndipo mawakala hutengeneza cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama mwingine. Huo ni udanganyifu kwa idara ya uhamiaji. Unaweza kumfungia mtu milango ya Marekani maisha yake yote, na mzazi aliyeukabidhi kwa mkono wake anahatarisha kadi yake mwenyewe.

Karatasi mnazohitaji kweli ni chache. Pasipoti ya mtoto kutoka nchi aliyo raia wake. Cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi, si kadi ya kliniki wala karatasi ya hospitali. Kama hakiko kwa Kiingereza, weka tafsiri yenye tamko lililosainiwa na mtafsiri kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili na sahihi; mihuri ya gharama mnayouziwa haitakiwi. Green Card ya mama iwe halali. Akikaa nje mwaka 1 au zaidi, kadi peke yake haimrudishi: awe na kibali cha kurudi kilichoombwa kabla ya kuondoka, au aombe viza ya SB-1 (ya mkaazi anayerudi) ubalozini kwa fomu DS-117. Mzazi mmoja akisafiri peke yake na mtoto, barua ya ridhaa ya mwenzake inasaidia sana ingawa sheria haimlazimishi kuwa nayo. Beba pia tiketi za kwenda na ushahidi wa makazi yako Marekani, maana ofisa anaweza kuuliza kama safari ilikuwa ya muda kweli.

Wanaosubiri kusafiri kwa viza ya uhamiaji, wakiwemo walioshinda bahati nasibu ya viza, wana kifungu chao: mtoto akizaliwa baada ya mzazi kupewa viza, anaweza kuingia naye bila viza yake mwenyewe, mradi viza ya mzazi haijaisha muda.

Mahali ambapo mambo hukwama hata kwa wenye haki ni kaunta ya ndege. Mhudumu anafungua pasipoti ya mtoto, haoni viza, na shirika lake hutozwa faini likimpakia abiria asiye na karatasi. Anaogopa, na hofu hiyo ndiyo inayouza "barua ya kupandia ndege". Barua ya wakala haitamsaidia. Kinachosaidia ni kulipigia shirika simu siku kadhaa kabla, kuomba waandike maelezo kwenye buking yako, na kubeba kanuni ile imechapwa. Akisita, omba kwa upole msimamizi wake, na umwambie awasiliane na Regional Carrier Liaison Group ya CBP. Ofisi hiyo ipo kwa ajili ya mashirika ya ndege, hutoa majibu ya kesi kama hizi, na msimamizi anajua kuifikia. Fika mapema, kwa sababu simu hiyo huchukua muda.

Kwa anayetaka ushauri wa kulipia: wanaoruhusiwa kutoa ushauri wa sheria za uhamiaji za Marekani ni mawakili wenye leseni huko na wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Tovuti za serikali yao huishia na .gov. Ada ya serikali hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi wala kwa kadi za zawadi.

Kama umeshatuma hela, acha kutuma hata akikutishia. Hifadhi meseji, risiti za muamala na namba zake, usifute chochote. Piga ripoti polisi, na kama uko Marekani au tapeli yuko huko, ripoti pia ReportFraud.ftc.gov. Na karatasi alizokutumia usiende nazo uwanjani, hata kama mtoto ana haki kamili ya kuingia: karatasi bandia moja ikitokea kwenye bahasha, ofisa atatilia shaka na zile za kweli.