Haller Park, Bamburi: msitu uliooteshwa ndani ya timbo

Watu wengi huenda Haller Park kwa ajili ya twiga na hurudi wameridhika. Mimi ningependa msomaji aende kwa ajili ya udongo. Hifadhi hii iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi imekaa ndani ya timbo la zamani la kiwanda cha saruji, na msitu unaokupokea ukishavuka lango umeota mahali ambapo zaidi ya nusu karne iliyopita palikuwa na mwamba mweupe mtupu uliochongwa kwa mashine. Nimekwenda mara mbili katika msimu mmoja, mara ya kwanza nikapoteza siku yangu, mara ya pili nikatoka na mambo ambayo sijaacha kuyafikiri, na tofauti kati ya safari hizo mbili ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Safari ya kwanza niliinunua kwa wakala mmoja wa mjini, nisiyemtaja, aliyeniahidi nusu siku nzima pamoja na mtembeza wageni anayelijua eneo. Tulifikishwa saa sita mchana, jua likiwa la utosini, tukapewa dakika 40, na mtembezaji tuliyeahidiwa akawa ni dereva wetu, mtu mwungwana kabisa ambaye hata hivyo hakuwa na la kutueleza zaidi ya majina ya wanyama. Tuliwaona mamba wamelala, tukapiga picha, tukarudishwa garini. Mtu akikuuzia mpango wa namna hiyo, ukatae, kwa sababu mahali hapa hapaeleweki kwa haraka. Ukipita mbio utadhani umeingia bustani ya wanyama yenye miti mizuri, na miti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mara ya pili nilikwenda na shangazi yangu, mzaliwa wa upande wa Kisauni ambaye umri wake unakaribia miaka 80. Tulipanda matatu ya Mtwapa, tukashuka karibu na lango saa nane na nusu mchana, tukalipa wenyewe na kuomba mtembezaji pale pale. Kijana aliyetupokea alimwamkia shangazi, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu, lakini leo mimi ndiye nitakayekuonyesha njia, maana hapa nilipita kabla mama yako hajazaliwa." Alisema kweli. Alikumbuka akifuatana na bibi yake kuokota kuni katika vichaka vya eneo hilo alipokuwa mtoto mdogo, na baadaye, akiwa msichana, akilitazama timbo kutoka ukingoni na kulazimika kufumba macho kwa ule weupe wa mwamba uliokuwa ukirudisha jua kama bati jipya.

Kiwanda kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na sababu ya kuwekwa Bamburi ni kwamba ardhi yote ya hapo ni matumbawe ya kale. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa, na miamba iliyojengwa na viumbe wadogo wa baharini wakati huo ilibaki nchi kavu maji yaliporudi nyuma, ikawa ukanda mrefu wa mawe ya chokaa unaofuata pwani yetu. Watu wa pwani hawakusubiri kiwanda ili kuutumia mwamba huo. Kuta za Gedi, za Jumba la Mtwana na za Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya tanuri la kuni kwa siku kadhaa. Kinachofanyika ndani ya tanuri la saruji ni ndugu wa kazi ile ya kale, isipokuwa kwamba jiwe huchanganywa na udongo wa mfinyanzi na moto hupandishwa hadi nyuzi zipatazo 1,450 za sentigredi. Kilichobadilika hasa ni kipimo. Waashi wa zamani walichukua mawe ya kutosha nyumba au msikiti, na ukoka na michongoma ikafunika walipochimba, ilhali katika miaka kama 20 tangu kazi ianze zaidi ya tani milioni 25 za mawe zilitolewa Bamburi kutoka eneo la kilomita za mraba 3.5, na shimo lililobaki lilikuwa limeshuka hadi karibu na maji ya ardhini, ambayo kwa kuwa bahari iko jirani yana chumvi.

Mwaka 1971 kazi ya kuliotesha timbo hilo alipewa René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, ambaye hifadhi leo ina jina lake. Ni vyema msomaji ajaribu kuiona hali aliyoikuta. Hapakuwa na udongo hata wa kujaza kiganja, kwa sababu udongo wa juu uliondolewa pamoja na mawe. Mwamba ulikuwa ukishika joto mchana kutwa. Na mzizi uliofanikiwa kupenya ulikutana na maji ya chumvi. Zilijaribiwa aina 26 za miti, zikapona 3 tu: mnazi, mti mmoja wa jamii ya konokarpasi unaotoka nchi kame za Pembe ya Afrika, na mvinje. Mnazi hauhitaji kuelezwa kwa mtu wa pwani. Ulioleta msitu ni mvinje, mti ule ule unaoimba kwa upepo katika fukwe zetu, kwa sababu unavumilia chumvi, unakua upesi, na mizizi yake huishi na bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti. Kwa maneno mengine, mvinje unaweza kuanza maisha mahali ambapo hakuna samadi wala mboji, jambo ambalo ni miti michache sana inayoliweza.

Hapo ndipo nilipofurahi kwamba tulikuwa na kijana anayeijua kazi yake, kwa maana alitusimamisha chini ya mivinje mirefu, mahali ambapo wageni wengine walikuwa wakipita bila kugeuza shingo, akachukua kijiti na kufukua pembeni mwa njia. Juu kabisa palikuwa na zulia la majani makavu ya mvinje, membamba kama sindano, rangi ya kahawia iliyofifia. Chini yake majani yalikuwa yamekatikakatika na kushikamana, na chini zaidi, kwa kina cha kidole changu cha shahada, palikuwa na kitu cheusi, laini, chenye unyevu, kinachonuka kama shamba baada ya mvua ya kwanza. Kijiti kilipoendelea kushuka kiligonga jiwe. Shangazi aliinama kwa taabu, akachukua ule weusi kidogo akausugua katikati ya vidole, akasema, "Huu ni udongo wa kupanda mchicha."

Kisha kijana akatuonyesha aliyeufanya. Alikuwa jongoo mweusi mnene mwenye miguu myekundu, akivuka njia taratibu, mawimbi ya miguu yakikimbia ubavuni mwake. Mivinje ilipokuwa imekua vya kutosha kuangusha majani, ilionekana kwamba majani hayo hayaozi. Yana tanini nyingi, kemikali chungu ya mimea, bakteria wa kawaida hawayawezi, na kwa hiyo yalirundikana juu ya mwamba bila faida. Haller aligundua kwamba jongoo hawa huyala majani ya mvinje, wakaletwa kwa makusudi, na walichokitoa tumboni kikawa chakula cha bakteria, na kazi ya bakteria ikawa mboji. Wengi wetu tumekua tukiwakwepa jongoo, na mtoto anayemwona mlangoni humpiga teke au kumtafutia ufagio, lakini msitu huu umesimama juu ya kinyesi chao, na nasema hivyo kwa heshima zote. Mboji ilipokuwa ya kutosha ndipo miti mingine ilipoweza kupandwa, mivinje ikapunguzwa kuipisha, na nguzo zake na kuni zake zikatumika. Ndege walifika wenyewe. Mabwawa, ambayo yalipatikana kwa kuchimba kidogo tu hadi kwenye maji, yalifugiwa samaki, na swala wakubwa waitwao pofu na choroa wakaletwa kula nyasi zilipoota.

Kuhusu wanyama sitasema mengi, kwa kuwa kila mgeni huwaona bila kuhitaji msaada wangu. Twiga hulishwa kwa mkono mbele ya wageni alasiri, na mtoto aliyewahi kuguswa kiganja na ulimi ule mrefu wa rangi ya zambarau hatasahau. Viboko na kobe wakubwa wana habari yao maarufu: baada ya tsunami ya Desemba 2004 ndama wa kiboko aliyetenganishwa na wenzake karibu na Malindi aliokolewa na kuletwa hapa, akaitwa Owen, akajishikamanisha na kobe mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra katika Bahari ya Hindi aliyekuwa akiitwa Mzee na kukadiriwa kuwa na miaka kama 130, akawa akilala ubavuni mwake na kumfuata kila alipokwenda. Picha zao zilizunguka dunia nzima. Anayetafuta simba na tembo ajue kwamba hawapo, na hakuna sababu ya kuwalaumu wenyeji kwa hilo.

Lipo jambo moja ambalo nadhani linapaswa kuelezwa kwa uwazi zaidi kila mahali panapotajwa hifadhi hii, kwa sababu nimesikia watu wakisema kwamba asili imerudishwa. Msitu wa Bamburi ni mzuri, na ni kazi ya akili na subira ambayo mimi ninaiheshimu, lakini hauko kama ulivyokuwa kabla ya timbo. Mvinje wenyewe asili yake ni pwani za Kusini-Mashariki mwa Asia na Australia, ingawa umekaa kwetu kiasi cha kupata jina letu. Ukitaka kujua msitu wa pwani unavyokuwa unapoachwa, nenda katika kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyolindwa na wazee kwa miiko, ambayo baadhi yake iliorodheshwa mwaka 2008 kuwa Urithi wa Dunia. Mle miti imepangana kwa vimo mbalimbali, mizabibu ya mwitu imefungamana, na hakuna mtu aliyeipanda. Bamburi miti mingine bado inaonyesha mistari ya upanzi, na wanyama wakubwa wameletwa na wanaishi kwa kulindwa. Ninapendekeza mtu aone vyote viwili, na ikiwezekana aanze na kaya, ili akifika timboni ajue ni kiasi gani cha kazi bado kiko mbele ya msitu huu.

Nalisema hili nikiyakumbuka matimbo madogo ya mawe ya kujengea yaliyo huku na huku kuanzia Mtwapa kuelekea Kilifi, ambayo baadhi yake mawe yakiisha huachwa wazi, yakakusanya takataka na maji ya mvua. Wenye matimbo hayo hawana fedha za kiwanda, nalo ni kweli. Lakini mche wa mvinje si ghali, na jongoo hauzwi. Laiti shule za pwani zingewaleta watoto hapa na kuwaambia wafukue kwa kijiti kabla ya kukimbilia kwa twiga, kwa kuwa wengine kati yao ndio watakaokuja kumiliki matimbo.

Kwa anayepanga kwenda, nashauri afike alasiri, jua likishapungua makali na wanyama wakiwa wameamka, na atenge saa tatu kamili. Viatu viwe vya kufunika vidole. Njia nyingi ni tambarare na mzee anayetembea polepole ataziweza, kama shangazi alivyoziweza kwa kupumzika mara nne. Viingilio vya raia, wakazi na wageni hutofautiana na hubadilika, kwa hiyo mtu aulize kabla ya kutoka nyumbani badala ya kuamini bei ya wakala. Zaidi ya yote aombe mtembezaji na amwambie mapema kwamba anataka kuelezwa habari za timbo, maana kama hukusema atadhani umefuata wanyama kama wengine, na si kosa lake.

Amwombe pia amfikishe penye ukuta. Pembezoni mwa hifadhi zipo sehemu ambapo mwamba haukukatwa, umesimama wima kama ukuta wa nyumba ya ghorofa, na ukisogea karibu unaona ndani ya jiwe alama za matumbawe, duara ndani ya duara, kama kitambaa kilichofumwa. Juu ya ukuta huo mizizi ya miti imeteremka ikitafuta maji. Shangazi aliweka mkono juu ya jiwe, akainua uso, akatazama kwa muda mrefu hadi kijana akadhani amechoka na kumuuliza kama anataka kukaa. Akamwambia, "Mwanangu, bibi yangu alipita pale juu na mzigo wa kuni kichwani. Mimi na wewe tumesimama ndani ya ardhi." Kijana alihesabu kwa macho kutoka miguuni pake hadi kwenye ile mizizi, akasema kwamba amepita hapo kila siku na hajawahi kulifikiri hivyo, na akaomba ruhusa ya kuwasimulia wageni wengine maneno hayo. Alimkubalia, kwa sharti la kumtaja bibi yake.